Kitufe cha Kama Awali

4 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hata hujachana bahasha.

Nakuandikia kwa herufi kubwa kama mtoto wa chekechea kwa sababu miwani yangu imebaki na mguu mmoja. Simu usinipigie. Masikio haya hayafai tena. Wiki iliyopita ulipopiga nilisikia unasema "nakuja", nikamwambia kaka yako afagie chumba chako, kumbe ulisema "nachoka". Tumefagia bure.

Nimelazwa. Kaa chini kwanza, si jambo la kutisha. Miguu imevimba kidogo na moyo umeanza uvivu, basi daktari ananipa vidonge vya kutoa maji mwilini na anataka kuniangalia kwa karibu. Niko wodi ile ile niliyoiongoza mpaka nilipostaafu, kitanda cha dirishani. Sista wa wodi sasa ni Mrefu, yule mwenzako wa chuo aliyekuwa akigonga kichwa kwenye taa ya chumba cha upasuaji. Ananiita Sista Mkuu mbele ya wagonjwa wote, nami najikakamua kitandani huku meno yangu ya juu yakiwa ndani ya glasi.

Mfumo wenu wa kompyuta umefika huku. Kila nesi ana kishkwambi chake, anakitazama kuliko anavyonitazama mimi. Hebu nieleze kazi yako ni nini hasa. Watu wakiniuliza nasema binti yangu ni nesi wa kompyuta, wanacheka, wanataka kujua kompyuta inaumwa wapi.

Jambo jingine. Najua una ruhusa ya kuingia kwenye mafaili yote. Langu usilifungue. Niliwahi kumwondoa nesi wodini kwa kusoma faili la mkwewe, na alikuwa nesi mzuri. Ukitaka kujua habari zangu, niulize mwenyewe.

Mama yako


15 Februari

Shikamoo mama,

Nimesoma barua yako ofisini, nikacheka kwa sauti kwa ajili ya kile chumba, halafu nikaenda msalani nikalia kidogo. Uvimbe umefika wapi? Umefika magotini? Unalala chali au unawekewa mito? Nijibu kama nesi, si kama mama.

Umeuliza kazi yangu. Wenyewe wanaiita informatiki ya uuguzi. Wacha nikueleze kama tunavyowaeleza wanafunzi. Nikiandika 96, hiyo ni data tupu, haina mwenyewe. Inaweza kuwa namba ya nyumba. Nikisema 96 ni mapigo ya moyo ya mama wa kitanda fulani leo asubuhi, imeshakuwa taarifa. Nikiiweka pamoja na uzito unaopanda na miguu inayovimba, nikatambua kwamba maji yanamjaa, hayo sasa ni maarifa. Na kujua la kufanya, nani aitwe mbio na nani aachwe apumzike, hapo tumefika kwenye hekima. Kompyuta inabeba vizuri hatua mbili za mwanzo, ya tatu inasaidia, ya nne haiwezi.

Kuna na suala la maneno. Mmoja anaandika "anahema", mwingine "pumzi fupi", wa tatu "kifua kinabana". Kompyuta inadhani ni mambo matatu. Kwa hiyo tunakubaliana neno moja, ili mgonjwa akihamishwa hospitali, habari yake isipotee njiani. Mimi ndiye ninayekaa mezani na wahandisi nikiwaambia nesi anafikiri vipi, anashika nini kwa mkono upi, ana sekunde ngapi.

Manesi walilalamika kwamba visanduku vya kujaza ni vingi mno. Nikabuni kitufe kinachoitwa Kama Awali. Unakibonyeza, na yale yaliyoandikwa mara ya mwisho yanajijaza kwa saa ya sasa. Nilikikusudia kwa mambo yasiyobadilika, kama urefu wa mtu au dawa zinazomdhuru. Wodi zikaomba kiwe kwenye kila kitu, mkurugenzi akakubali, nami sikubisha sana. Sasa wanakipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo. Mama, nimepigiwa makofi kwenye mkutano kwa ajili ya kitufe!

Tunafungua mfumo kwenye hospitali nyingine tatu mwezi ujao. Nikimaliza tu, nakuja. Nakuja, sijasema nachoka.

Kitinda wako


24 Februari

Kitinda wangu,

Umeniuliza kama nesi, nami nakujibu kama mgonjwa: sijambo.

Somo lako nimelielewa. Enzi zetu hatukuwa na majina manne, tulisema tu "kuwa macho". Lakini hilo la maneno ni zuri. Nilikuwa na nesi aliyeandika "mgonjwa ana hali yake" kwa kila mtu, mpaka siku moja nikamuuliza, hali ya nani awe nayo?

Kitufe chako nakiona kikifanya kazi. Hawa wasichana ni wawili kwa wodi nzima, na mmoja wao ana mimba kubwa. Jana nimemwona ameketi akinywa maji. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona nesi wa wodi hii ameketi. Kwa hilo tu nakushukuru.

Naketi kwenye kiti kutwa, nataka kuona njia. Kuna fundi viatu chini ya dirisha, anagombana na kila mteja halafu anawapunguzia bei. Ananichangamsha.

Usije ukaacha kazi kwa ajili ya miguu ya kizee. Maliza hizo hospitali tatu. Nisamehe herufi zilizopinda, kalamu ni mbovu.

Mama yako


2 Machi

Mrefu, mwenzangu,

Habari za kazi? Najua huna muda, kwa hiyo naandika kifupi, na nimeandika kwa sababu najua simu yako huwa iko kabatini zamu nzima.

Nitakuambia jambo ambalo usimwambie mama. Nimefungua faili lake. Alinikataza, na kanuni inanikataza, na kanuni hiyo nimeshiriki kuiandika mimi mwenyewe. Lakini nilishindwa. Ananiambia anaketi kwenye kiti kutwa eti anamtazama fundi viatu, na mimi na wewe tunajua mgonjwa wa moyo anayekaa kwenye kiti mara nyingi ni kwa sababu akilala anakosa pumzi.

Basi nimefungua, na kumbe namsingizia. Uzito wake umetulia. Mapigo yametulia. Pumzi ni kumi na nane, asubuhi na jioni. Tangu nizione hizo namba nimelala usingizi wa mtoto. Kila siku nafungua mara moja tu, nikifika kazini, kabla ya chai.

Nataka tu kujua yale yasiyoandikwa humo. Anakula? Anawatania? Bado anawasahihisha mkitandika shuka?

Nashukuru sana kwa unavyomtunza.

Mwenzako


9 Machi

Mwenzangu,

Anakula kidogo. Anatutania. Shuka ametuachia.

Njoo ukipata nafasi.

Mrefu


12 Machi

Kwa binti,

Mimi ni jirani yake wa kitanda cha pili, naandika kwa mkono wangu maneno ya mama yako kwa kuwa yeye mkono wake umechoka leo. Anasema hivi:

Kitinda, nimesikia hospitali ya kwanza mmeifungua na gazeti limeandika. Kaka yako ameniletea kipande chake chenye picha yenu, nimekibandika ukutani, Mrefu amejifanya hajaona. Nimewaambia wote humu ndani kwamba kile ndicho kichwa chako, yule wa pembeni aliyefumba macho. Sijambo. Usihangaike na safari. Ukija uje na nafasi yako, si mbio mbio.

Hayo ndiyo aliyosema. Kisha akaniambia niongeze kwamba anakupenda, halafu akasema nifute, utashtuka. Mimi sikufuta.


2 Aprili

Mrefu,

Tangu tumzike sijaweza kuandika. Pale makaburini ulisimama nyuma kabisa na ulivyo mrefu kila mtu alikuona, ila hukunisogelea, na mimi sikukuita. Kaka alisema huenda umechoka na zamu. Nilijua si zamu.

Nimerudi ofisini. Nimelifungua tena faili la mama, na safari hii nimelisoma kama nesi.

Uzito ule ule, Mrefu. Kila asubuhi, mpaka nusu kilo. Mtu anayekunywa vidonge vya kutoa maji, anayekula leo na kesho asile, uzito wake unakaa pale pale kama jiwe? Mapigo yale yale. Pumzi kumi na nane siku zote, hata asubuhi ya siku ile. Mapigo yale yale asubuhi na jioni! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza. Mimi niliyaona yote hayo, kila siku kabla ya chai, na nikafurahi.

Tuliweka onyo kwenye mfumo. Uzito wa mgonjwa wa moyo ukipanda ghafla, skrini inageuka nyekundu na daktari anapelekewa ujumbe. Nililipigania onyo hilo mwaka mzima. Halikulia. Lingeliaje, wakati kila siku liliambiwa ni jana?

Nani alikuwa akibonyeza? Jina lililoandikwa ni lako kila mara, lakini najua manesi huachiana vishkwambi vikiwa wazi. Niambie ni nani. Na uniambie kwa nini uliniandikia "njoo ukipata nafasi" kama mtu anayealika mwenzake kunywa soda.


11 Aprili

Mwenzangu,

Ni mimi. Usimtafute mwingine.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Nitakueleza kama ilivyokuwa, kisha utafanya unavyotaka.

Mizani ya wodi iliharibika kabla hata mama yako hajamaliza juma la kwanza. Nzima ilikuwa wodi ya wanaume, ghorofa ya juu. Kumpima mtu mmoja ni kupanda ngazi, kuomba, kuibeba, kuirudisha. Nilikuwa na nesi mmoja mwenye mimba ya miezi minane na vitanda vyote vimejaa na wengine chini. Na kila jioni ofisi inatuma karatasi: wodi yenu imejaza asilimia ngapi. Ukiacha kisanduku wazi unaitwa kueleza. Ukibonyeza Kama Awali unapongezwa. Tumewahi kupewa keki.

Wengine wote niliwaza nitawapima nikipata nafasi. Sista Mkuu nilitaka kumpima kila siku, hata kama nitakosa chakula. Mara ya kwanza nilipomwambia nasubiri mizani, alinishika mkono akasema, "Bonyeza tu mwanangu. Nenda kwa wenye shida." Nikabisha. Akaniambia, "Hii wodi nimeiongoza mimi. Nakuamuru." Nikabonyeza.

Siku nyingine nilimkuta amekaa kwenye kiti, amekumbatia mto, anahema kama aliyepanda mlima. Nikamwambia leo naandika ninachokiona. Akasema, "Ukiandika, yule mtoto ataacha kazi yake aje anishike mkono hapa. Bonyeza." Nikamuuliza atajuaje. Akanitazama vile alivyokuwa akitutazama tulipokuwa wanafunzi wodini kwake, akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa. Anachungulia kila siku. Acha aone mama yake hajambo."

Alijua. Hata barua yako ya kunitaka nisimwambie ilikuta ameshajua.

Daktari nilimwambia kwa mdomo. Dawa zilipandishwa, oksijeni akawekewa. Usidhani tulimwacha. Lakini daktari wa zamu alikuwa anahudumia wodi nne, na kila alipofungua faili alikuta mgonjwa aliyetulia, akapita kwa wale ambao faili zao zilikuwa zinapiga kelele. Mdomo wangu ulishindana na skrini, skrini ikashinda.

Ile "njoo ukipata nafasi" niliandika yeye akiwa ananitazama. Alitaka kusoma kabla sijafunga bahasha. Nilifikiri utaelewa. Manesi wakisema "njoo", si huwa tunaelewana? Nilitia kalamu nguvu kwenye neno hilo mpaka karatasi ikatoboka. Pengine hukuona.

Alikufa mchana, tukiwa tunakabidhiana zamu mlangoni. Alikuwa kitini. Jirani yake ndiye aliyeita.

Asubuhi ile nilikuwa nimebonyeza.

Sitakuomba chochote.

Mrefu


30 Aprili

Mrefu,

Nilipomaliza barua yako niliiweka ndani ya droo. Nilikuwa na hasira na wewe, halafu hasira ikahamia kwa mama, na nikaona aibu, kwa sababu mtu amekufa na mimi namgombeza. Alinidanganya kwa kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimemweleza kinavyofanya kazi, kwa furaha, na alama ya mshangao.

Karatasi yako sikuona kama imetoboka. Niliitafuta jana, nikaishika kwenye mwanga. Kweli imetoboka.

Jumatatu niliomba kikao. Niliwaambia mambo mawili. La kwanza, kwamba nilifungua faili la mama yangu mzazi bila ruhusa yake, tena mara nyingi. La pili, kwamba kitufe kiondolewe kwenye kila kitu kinachopimwa kwa mkono. Kibaki kwenye urefu na mzio wa dawa, kama nilivyokusudia mwanzo. Na kisanduku ambacho hakijapimwa kisikubali kuachwa tupu wala kujazwa cha jana. Kiseme wazi: Haijapimwa.

Mkurugenzi alisema, "Unajua skrini zetu zitaonekanaje? Wafadhili wanakuja mwezi ujao." Nikamwambia zitaonekana jinsi wodi zilivyo. Akasema mimi nimefiwa, nipumzike. Nikamwambia, "Nimefiwa ndiyo, na mfumo wako mpaka leo unasema marehemu anapumua kumi na nane." Mhandisi mmoja akafungua faili mezani, akaliona kwa macho yake. Kweli, Mrefu. Kuna mtu wa zamu ya jioni alibonyeza kitanda kile baada ya mama kuondolewa, kabla hajafutwa kwenye orodha. Sikuulizi ni nani. Nadhani alibonyeza vitanda vyote bila kuinua kichwa.

Kitufe wamekubali kukiondoa. Na mimi wamenifungia mafaili yote, wamenihamishia chumba cha chini kufundisha wafanyakazi wapya namna ya kubadili neno la siri. Sikukata rufaa. Nimevunja kanuni, na kisingizio cha mapenzi hakitoshi. Mama mwenyewe angeniondoa.

Nesi ninayemfundisha leo aliniuliza kama ni kweli kwamba data haidanganyi. Nikamwambia aendelee ukurasa unaofuata.

Sijui kama nimekusamehe. Nimejaribu kuangalia ndani nikaona bado pamevimba. Lakini niandikie. Sina mwingine aliyekuwa pale.


21 Mei

Mwenzangu,

Nakuandikia kwa kuwa umesema niandike.

Mabadiliko yamefika Jumatatu iliyopita. Nilipowasha kishkwambi asubuhi, wodi nzima ilikuwa imeandikwa Haijapimwa, Haijapimwa, Haijapimwa, kama mtu anayekuzomea. Yule nesi mpya aliyeletwa kushika nafasi ya mwenye mimba aliniuliza kama mfumo umeharibika. Nikamwambia hapana, sisi ndio tulioharibika, mfumo umepona.

Mganga mkuu alishuka mwenyewe. Hajawahi kushuka tangu niwe sista wa wodi. Akauliza, "Haya mapengo ni ya nini?" Nikamjibu, "Yalikuwepo, daktari. Yalikuwa yamefunikwa." Alikasirika, akaondoka. Mizani imeletwa siku mbili baadaye, imetumika, ina kutu pembeni, ila inapima. Nesi wa tatu wameahidi. Ahadi unazijua. Keki hatujapewa tena.

Nisikudanganye kwamba wodi imekuwa nzuri. Kazi imezidi. Kuna siku narudi nyumbani nikiwa nimeacha mapengo kumi, na sasa nayajua kwa majina, na hayo majina yananifuata mpaka mezani kwa watoto wangu. Zamani nilikuwa nabonyeza nikalala. Kuna manesi wanakulaani, hawajui ni wewe, wanasema ni mtu wa makao makuu asiyejua kazi. Nimewaacha waseme.

Juzi juzi tulimpata mama mmoja, mgonjwa wa moyo kama Sista Mkuu. Uzito wake tuliuchukua siku ya kwanza na ya pili, ukawa unapanda, onyo likalia, daktari akaja, dawa zikabadilishwa. Siku ya tatu tulikuwa na ajali ya barabarani, watu wamejaa mpaka korido, hatukumpima mtu. Mchana mwanawe akapiga simu ya wodi. Ni dereva wa lori, alikuwa mbali na mzigo. Akaniuliza, "Sista, mama anaendeleaje?"

Nilikuwa na kishkwambi mkononi. Nikataka kusema hajambo. Neno lilishafika kwenye ulimi, ndilo tunalosema siku zote, halina uzito. Nikatazama kisanduku chake.

Nikamwambia, "Sijui. Leo hatujampima. Jana alikuwa anazidiwa. Acha gari hapo ulipo, uje."

Akaniuliza, "Unasema kweli?" Nikasema kweli.

Yule mama hatukumwokoa. Moyo wake ulikuwa umeshachoka sana. Lakini kijana alifika asubuhi yake, na nguo zenye oili, akavuta kiti. Walikuwa na saa kadhaa. Sikusikiliza walichozungumza. Nilipita mara moja kumhesabia mama pumzi, nikaweka mkono kifuani kwake dakika nzima, nikaandika thelathini na nne, kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Alikufa akiwa ameshikwa mkono.

Mrefu